Kipimo Kimoja kwa Wote: Ushauri kwa Wanaosomea Eksirei na Ultrasaundi Ugenini

Dereva wa lori anayetoka Kahama, akapita Nyakanazi na Lusahunga mpaka Rusumo, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Akishavuka daraja la Mto Kagera na kuingia Rwanda, huhamia kulia. Ujuzi wake haupungui kwa kuvuka mto, na hakuna trafiki wa Rwanda atakayemwacha abaki kushoto ati kwa sababu ni mgeni. Anachostahili ni kibao kinachosomeka, kilichowekwa mahali ambapo bado ana nafasi ya kubadili upande.

Haki kwa mwanafunzi mgeni katika vyuo vya radiolojia iko hivyo hivyo. Kipimo cha kufaulu kibaki kimoja, kwa sababu mgonjwa aliyelala juu ya meza ya eksirei hana haja na uraia wa anayempiga picha. Haja yake ni picha iliyo sahihi. Lakini njia ya kukifikia kipimo hicho iwe wazi kwa kila mmoja. Anayetaka mgeni alegezewe kipimo anamdhulumu mgonjwa. Anayemficha mgeni njia anamdhulumu mwanafunzi, na mwishowe mgonjwa pia.

Nawaandikia hasa watu wa Ngara na Biharamulo, kwa kuwa jambo hili linawagusa pande zote mbili. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni safari ya saa chache tu. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Kijana wa Kabanga anayetaka fani hii anaweza kwenda Mwanza, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kilichopo Bugando, au Muhimbili. Anaweza vilevile kwenda Chuo Kikuu cha Rwanda, au Kampala, kwenye Chuo Kikuu cha Makerere au Taasisi ya Ernest Cook iliyopo Hospitali ya Mengo, inayojulikana kwa mafunzo ya ultrasaundi. Na wakati huo huo kuna Mrundi, Mnyarwanda au Mkongomani anayekuja kusoma kwetu. Katika ukoo mmoja, mtoto wa kaka anaweza kuwa mgeni Kigali huku mtoto wa dada akiwa mwenyeji Mwanza. Kwa hiyo unapodai haki ya mwanao, kumbuka ni hiyo hiyo unayodaiwa na mtoto wa mwenzio.

Fani yenyewe ina deni kwa mwanafunzi mgeni. Wilhelm Conrad Röntgen, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Uholanzi, alifukuzwa katika shule ya ufundi ya Utrecht, akakosa cheti cha kumwingiza chuo kikuu kama wenzake. Mwaka 1865 alipokelewa katika chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, ambako kukosa cheti kile hakukuwa kikwazo. Miaka 30 baadaye, tarehe 8 Novemba 1895, akagundua mionzi ya eksirei, na mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia. Zurich haikumpa shahada ya bure. Ilimpa mlango, kisha ikamdai kazi.

Karatasi kabla ya begi

Dhuluma nyingi za ugenini huanzia kwenye karatasi, na nyingine ungeweza kuzizuia ukiwa bado nyumbani.

Anza na majina. Fomu za Tanzania huuliza jina lako, la baba na la babu. Kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi, kila mtoto kwa desturi hupewa jina lake mwenyewe, wala si lazima ndugu wa tumbo moja wafanane jina la mwisho. Isitoshe, huko jina la asili mara nyingi hutangulia na la ubatizo hufuata. Ndiyo maana mtu mmoja huweza kuwa na cheti cha kuzaliwa chenye majina mawili, cheti cha sekondari chenye mpangilio mwingine, na pasipoti yenye mpangilio wa tatu. Usingoje ofisi ya udahili ikutilie shaka. Nenda kwa wakili au mahakamani, upate hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kisha chagua mpangilio mmoja na uutumie kila mahali tangu siku ya maombi mpaka siku ya cheti.

Pili, ulinganisho wa vyeti. Anayekuja kusoma Tanzania na cheti cha sekondari cha nje hukipeleka Baraza la Mitihani la Tanzania kilinganishwe. Diploma za nje hupitia Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na shahada hupitia Tume ya Vyuo Vikuu. Cheti cha Kifaransa kitahitaji tafsiri rasmi. Kazi hiyo ina muda wake na ada yake, basi ianze miezi kadhaa kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa.

Mtanzania anayekwenda nje ana lake pia: Tume ya Vyuo Vikuu hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayetaka kusoma ng'ambo. Kipate kabla ya kulipa ada, maana kitakuonyesha mapema kama chuo na kozi hiyo vinatambulika. Wako waliojua ukweli huo wakiwa wamerudi na shahada mkononi.

Kuna kundi linalohitaji huruma ya pekee hapa, nalo ni wakimbizi. Ngara inawajua. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikajaa watu. Miaka ya karibuni kambi zimekuwa Kigoma, na watoto wa Nyarugusu na Nduta wamesoma kwa mitaala ya nchi zao, Burundi na Kongo. Kijana wa aina hii akifika kwenye dirisha la udahili, swali la haki si kama karatasi zake zinafanana na za kijana wa Biharamulo Mjini. Swali ni kama anaweza fizikia, kemia na baiolojia, na kama kuna utaratibu wa kumpima pale karatasi inapokosekana. Kwa upande wa fedha, ulizia ufadhili wa DAFI wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, uliopo tangu 1992 kwa ajili ya wakimbizi wanaosoma elimu ya juu.

Ada, vibali na saa

Vyuo vingi vina safu mbili za ada, ya wenyeji na ya wageni, na ya pili mara nyingi huandikwa kwa dola. Uliza kwa maandishi maswali manne: raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki yuko safu gani, ada inaweza kupandishwa katikati ya kozi au la, mafunzo ya hospitalini yanalipiwa peke yake au yamo ndani, na mtihani wa marudio unagharimu kiasi gani. Jibu la simu si jibu. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo hilo ni hoja nzuri mbele ya mhasibu wa chuo, lakini risiti hutoka kwa mhasibu, kwa hiyo pata msimamo wa chuo chenyewe.

Kuhusu kibali cha kukaa, Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza kutumika tangu Julai 2010, na kanuni zake zinamtambua mwanafunzi. Safiri na pasipoti yako, wala usitegemee karatasi ya muda ya mpakani kwa kozi ya miaka mitatu. Ukifika, omba kibali cha mwanafunzi mara moja na uulize nafuu ya ada kwa raia wa Jumuiya. Mwanafunzi ambaye kibali chake kimekwisha huogopa kulalamika hata akionewa waziwazi.

Na saa: Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Usaili wa mtandaoni wa saa nne asubuhi ya Kigali ni saa tano ya Ngara. Andika saa zote mbili ukutani.

Lugha ya chumba cha eksirei

Hapa ndipo fani hii inapotofautiana na nyingine. Mwanafunzi wa hesabu anaweza kunyamaza muhula mzima akafaulu. Mpiga picha hawezi. Picha ya kifua hupigwa mgonjwa akiwa amevuta pumzi na kuishikilia. Akipumua kabla ya wakati, picha hutoka na ukungu, itabidi irudiwe, na mgonjwa atapata mionzi mara mbili kwa kosa la mawasiliano. "Shikamoo bibi. Simama hapa, kidevu juu. Vuta pumzi, ishike hapo hapo. Haya, pumua." Sentensi hizo chache ni sehemu ya kazi sawasawa na kupanga mashine.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi: kabla ya wiki ya kwanza ya wodi, andika sentensi 20 au 30 za kazi, uzikariri kwa lugha ya wagonjwa wa mahali hapo. Weka za salamu, za kuvua nguo na vito kwa staha, za kugeuka upande, za kushika pumzi, na swali la ujauzito linaloulizwa faraghani. Muombe muuguzi mwenyeji akusahihishe matamshi. Hapo Mhangaza wa Ngara ana mtaji ambao huenda haujui: lugha yake inakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, na mgonjwa wa Burundi atamwelewa upesi kuliko atakavyomwelewa mwanafunzi wa Nairobi. Vivyo hivyo Mrundi akipangiwa mafunzo katika hospitali ya Ngara, ataelewana na bikizee wa kijijini kuliko mwenzake aliyezaliwa Temeke.

Kwa walimu: toeni orodha ya sentensi hizo siku ya kwanza, msingoje mgeni aaibike mbele ya mgonjwa. Tena msichanganye lafudhi na ujinga. Anayesema "radiasyo" kwa sauti ya Kifaransa anaweza kuwa anajua umbali wa tyubu na kiasi cha mionzi kuliko anayemcheka.

Lipo jambo dogo linaloweza kuleta hatari kubwa. Alama ya upande kwenye picha, kwa Kiingereza, ni R kwa kulia na L kwa kushoto. Kwa Kifaransa ni D na G. Aliyezoea picha za Bujumbura au Bukavu anahitaji kuelezwa badiliko hilo kwa maneno, tena kwa mfano, kwa sababu upande ukikosewa kisu cha daktari nacho kitakosea. Halafu Kifaransa huandika desimali kwa mkato, Kiingereza kwa nukta. Mwalimu anayetumia dakika 15 kufundisha tofauti hizi hajampendelea mtu. Ameweka kibao barabarani.

Zamu, mashine na beji

Ujuzi wa picha za tiba hupatikana kwenye mashine. Mwanafunzi huwa na daftari la kazi linalosainiwa na msimamizi kwa kila kipimo alichofanya, na bila idadi iliyotakiwa hafiki kwenye mtihani. Kwa hiyo ubaguzi ulio mbaya kuliko yote si ule wa maneno. Ni ule wa zamu: wenyeji wako siti skani, wageni wanabeba mafaili na kusukuma vitanda. Mwisho wa muhula kila mtu anashangaa kwa nini wageni wamefeli vitendo.

Dawa yake ni ratiba iliyobandikwa ukutani, yenye majina, chumba na tarehe, na kila mmoja apite kila chumba kwa muda sawa. Mwanafunzi, hesabu saini zako kila Ijumaa. Ukiona umeachwa nyuma kwenye ultrasaundi au siti skani, sema wiki ya tatu wakati ratiba bado inaweza kurekebishwa. Wiki ya mwisho itabaki lawama tu.

Kuhusu mionzi, hapo hakuna mjadala wa uraia kabisa. Viwango vya kimataifa vinaweka kikomo cha milisiveti 20 kwa mwaka kwa anayefanya kazi na mionzi, ikiwa ni wastani wa miaka mitano, na isizidi 50 katika mwaka wowote. Mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 anayejifunza kazi hiyo kikomo chake ni 6. Kiwango hakijulikani bila kupimwa, kwa hiyo kila mwanafunzi anayeingia chumba cha mionzi anastahili beji ya kupimia na aproni ya risasi. Nchini mwetu anayesimamia usalama huo ni Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ukiambiwa beji ni za wafanyakazi na wenyeji tu, usiingie chumbani mpaka upate jibu la maandishi. Uliza pia usomaji wa beji yako. Ni habari ya mwili wako, na utaihitaji ukihamia kazi nchi nyingine.

Mwanafunzi akiwa mjamzito amwambie msimamizi mapema. Mtoto aliye tumboni hulindwa kwa kiwango cha mtu wa kawaida, milisiveti 1. Chuo chenye haki humpangia kazi zisizo na mionzi, kama ultrasaundi, na kumwekea njia ya kumalizia zamu baadaye. Kumrudisha kwao kwa basi si ulinzi.

Kinga dhidi ya maambukizi nayo iwe hivyo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, na ulipofika Machi ukatangazwa kwisha. Wakati kama huo mwanafunzi wa Biharamulo aliye chuoni mbali anaweza kutazamwa kama ugonjwa wenyewe. Kanuni ya haki ni nyepesi: kila mtu aulizwe maswali yale yale, ulikuwa wapi, lini, na ulimgusa nani. Marburg huchukua hadi siku 21 kujitokeza. Aliyekuwa karibu na mgonjwa afuatiliwe siku hizo hata kama ni mwenyeji wa mtaa wa jirani. Asiyekuwepo aachwe asome hata kama kwao ni Nyakanazi.

Mtihani na malalamiko

Mtihani wa haki una namba badala ya jina kwenye karatasi, wasahihishaji wawili kwa vitendo, na orodha ya alama inayojulikana kabla. Katika kituo cha mawasiliano na mgonjwa, lugha itakayotumika itangazwe mwanzoni mwa muhula. Lakini katika kutambua mfupa uliovunjika au maji yaliyojaa kwenye mapafu, mgeni asiombe alama za huruma na asipewe. Atakayempa atakuwa amemsainia cheti mtu ambaye kesho atampiga picha mama yake.

Ukionewa, fuata ngazi. Andika siku ile ile: tarehe, chumba, aliyekuwepo, kilichosemwa. Anza na msimamizi wa vitendo, panda kwa mkuu wa idara, kisha mlezi wa wanafunzi au serikali ya wanafunzi, kisha mkuu wa chuo. Peleka barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Nenda na ombi mahususi, mfano "naomba zamu sita za ultrasaundi nilizokosa", kuliko kulalamika kwamba "tunabaguliwa". Ombi mahususi ni gumu kulikataa. Ngazi zote zikishindikana, kuna ubalozi wenu na kuna msimamizi wa elimu ya juu wa nchi hiyo. Na uwe mkweli kwa nafsi yako: alama mbaya ya somo ambalo hukusoma haiwi ubaguzi kwa sababu umevuka mpaka.

Kurudi na cheti

Cheti cha ng'ambo hakikupi ruhusa ya kubonyeza mashine Tanzania. Unahitaji kutambuliwa shahada yako, kisha kusajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Radiolojia, wengi hulijua kama MRIPC, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Usidanganyike kwamba Jumuiya imeshamaliza jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja inataka nchi zitambuane sifa za kitaaluma, na makubaliano yakaanza kutiwa saini kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mtu wa eksirei bado hubisha hodi kwenye baraza la kila nchi. Basi rudi na vitu vinne: nakala ya matokeo ya kila somo, mtaala wenye saa za vitendo, daftari la kazi lililosainiwa, na barua ya chuo yenye anwani inayojibu.

Kwa wazazi na wenyeji

Mzazi wa Rulenge au Nyamiaga, kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya ada, dai kuona majibu ya maswali yale manne kwa maandishi. Kila muhula usiulize alama tu; uliza daftari la kazi lina saini ngapi.

Na ninyi mnaopokea wanafunzi wa vitendo katika hospitali zetu, Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga na Biharamulo, yapo mambo yasiyohitaji bajeti: bandikeni ratiba ya zamu, toeni orodha ya sentensi za wagonjwa, mteulieni mgeni mfanyakazi mmoja wa kumuuliza, na msimruhusu yeyote, mwenyeji wala mgeni, kuingia chumba cha mionzi bila beji. Anzeni na kundi la wanafunzi litakalofika muhula ujao.